Kokuhirwa na Picha Isiyo na Jina

Kokuhirwa wa Kagoma alikuwa na miaka thelathini na minne alipoingia sinema kwa mara ya kwanza, na kabla nusu saa haijapita alikuwa amesimama juu ya benchi anabishana na mwenye mashine mbele ya watu zaidi ya mia. Waliomfahamu hawakuamini waliposimuliwa. Huyu alikuwa mke wa Datius, mama wa watoto watatu, mwanamke ambaye kanisani hukaa nyuma karibu na nguzo, na sokoni hununua chumvi bila kuomba aongezewe.

Ilikuwa mwezi wa Julai mwaka 1954, wakati kahawa imetandazwa juani katika kila ua kuanzia Muleba hadi Bukoba. Mdogo wake, Georgina, aliyeolewa Kashai, mjini Bukoba, alikuwa amejifungua, na Kokuhirwa alikwenda kukaa naye wiki moja ili ampikie, amkande kwa maji ya moto na kumfulia. Siku ya sita Georgina alimtazama dada yake anavyozunguka chumbani akitafuta mahali palipobaki bila kufagiliwa, akashindwa kuvumilia.

"Dada, hebu toka kidogo. Mama mkwe yupo, atanitazama. Leo Jumamosi kuna picha kwa Bwana Hamidi, saa nane mchana. Nenda ukaone."

"Nikaone nini?"

"Wazungu wanapigana, halafu wanapendana. Wakichoka kupigana wanaoana."

"Hayo nayaona Kagoma bure."

"Nenda, waitu, dada yangu! Mimi ndiye ninayekuomba."

Basi akajifunga kitenge chake kizuri akaenda.

Bwana Hamidi alikuwa mfanyabiashara aliyegeuza ghala kuukuu la kahawa, karibu na ziwa, kuwa nyumba ya picha. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili mchana uwe giza, shuka jeupe likatundikwa ukutani, mabenchi yakapangwa, na ile harufu ya kahawa haikutoka hata siku moja. Aliyezungusha mashine alikuwa Uledi, mtu wa Tabora, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kwa kuwa wengi hawakujua Kiingereza, Uledi alisimama pembeni ya mashine akieleza kwa Kiswahili yaliyokuwa yakisemwa, akichomeka na maneno ya Kihaya aliyookota mjini, na watu walivunjika mbavu. Wapo waliokuja kwa ajili ya Uledi kuliko picha yenyewe.

Lakini Jumamosi ile Uledi alikuwa mashakani. Watu waliahidiwa picha ya wapanda farasi. Sanduku liliposhushwa melini na kufunguliwa, ilikutwa picha nyingine kabisa, haina karatasi ya maelezo, na jina lake limeandikwa kwa herufi ambazo hata karani wa bandari alizigeuza huku na huku akazirudisha. Maneno yaliyotoka humo hayakuwa Kiingereza wala Kihindi. Na watu walikuwa wamekwisha kujaa.

"Iweke hivyo hivyo," Bwana Hamidi akamwambia. "Tangu lini ukakosa la kusema?"

Taa ikazimwa. Ukutani ukatokea mji mdogo wa mawe, barabara zake nyembamba, ukungu umetanda. Ndani ya nyumba moja alikuwepo mwanamume mwenye pua kubwa na kitambi, aliyekuwa akioka mikate, na mwanamke mwenye mikono mipana ya mtu anayefua nguo za watu. Hakuna aliyekuwa kijana. Hakuna aliyekuwa mzuri wa kutazamwa.

Uledi akaanza kazi. "Huyu mnayemwona ni jambazi sugu! Amejificha humu, polisi wanamsaka nchi nzima! Na huyu mwanamke ni mpelelezi, anajifanya mfuaji!"

Watu wakapiga makofi.

"Anakwenda kabatini... anafungua polepole... jamani, anatoa bastola!"

Kokuhirwa hakujua alisimama saa ngapi. Alijikuta yuko juu ya benchi, na sauti aliyoisikia ikijaza ghala ilikuwa yake mwenyewe.

"Uongo! Bastola iko wapi hapo? Ametoa sahani. Sahani moja! Hajamwekea mumewe."

Uledi akageuka. "Mama, kaa chini. Wewe unaijua lugha yao?"

"Lugha yao siijui, ila wao nawajua. Hao ni mke na mume, tena wa siku nyingi. Huyu mama kila asubuhi huweka sahani mbili, leo ameweka moja. Mtazameni huyo bwana! Anaitazama meza anatafuta sahani, mkewe hamtazami hata sasa."

Ghala zima likaangua kicheko, maana ukutani yule mwenye pua kubwa alikuwa anainua kitambaa cha meza kuangalia kama sahani imeanguka chini. "Mwacheni mama aseme!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. Uledi akajitetea kwamba bastola imo chini ya sahani, lakini hakuna aliyemsikiliza tena, na kidogo kidogo naye akanyamaza akaanza kutazama.

Hivi ndivyo ilivyokuwa picha ile. Mwoka mikate alipokosa sahani alidhani mkewe anaumwa. Siku ya pili akakosa tena. Siku ya tatu, badala ya kuuliza, alifunga duka lake akamfuata mkewe mjini kwa kujificha, mara nyuma ya mkokoteni, mara nyuma ya mapipa. Akamwona kisimani anaimba huku wafuaji wenzake wanaitikia, na ilionekana wazi kwamba mume hakuwahi kuisikia sauti ile. Akamwona anamsomea mzee mmoja barua, na mzee analia. Akamwona anachukua ganda la mkate, ule mkate aliouoka yeye, analitafuna kwanza likalainika, kisha anamlisha farasi kipofu aliyefungwa kando ya njia, huku akimweleza jambo refu sikioni. Alimfuata siku nzima, na kadiri alivyomfuata ndivyo uso wake ulivyobadilika, mpaka jioni akawa na uso wa kijana anayempita msichana njiani akakosa la kumwambia. Akaenda kinyozi. Akavaa kofia mpya. Akarudi nyumbani, akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, akabisha hodi. Mke akafungua. Wakatazamana muda mrefu sana. Ukuta ukawa mweupe.

Picha imekwisha.

Mabenchi ya mbele yakaanza kupiga kelele kudai farasi wao wenye macho. Maganda ya karanga yakaruka. Watu wakatoka wananung'unika, na Kokuhirwa akabaki amekaa, moyo unamwenda mbio kama mtu aliyepanda mlima akiwa na mtungi kichwani. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye mashine.

"Inaishia hapo?"

"Hapo hapo. Nimeuona mkanda wote, mama. Hakuna kilichobaki."

"Kwa hiyo hatujui kama alimruhusu kuingia?"

"Hatujui."

"Mawe, mama yangu!" Kokuhirwa akapiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Ni nzuri! Ni nzuri mno!"

Uledi akamtazama kama anayeangalia mtu aliyepigwa na jua. "Uzuri wake uko wapi? Wenyewe wamezeeka. Hawakuimba pamoja, hawakukumbatiana, hakuna hata adui wa kuwatenganisha. Picha ya mapenzi ninayoijua mimi, ukiona kijana na msichana wanagongana njiani, unajua hao wataoana. Unakaa unangoja tu."

"Ndiyo hivyo! Unangoja tu, kama mgeni kwenye harusi ya watu usiowajua. Wakishaoana wewe unakwenda zako. Hawa wameanza pale wengine wanapomalizia. Na adui umemwona, usiseme hayupo. Adui yao ni mazoea." Alikuwa anahema. "Tena haikunitafunia. Imeniachia nitafune mwenyewe. Wewe umewahi kutoka kwenye picha ya farasi ukiwa na neno la kumuuliza mtu?"

Uledi alikuwa anazungusha mkanda kuurudisha. "Lakini yule kipofu," akasema hatimaye, "yule farasi, hata mimi alinishika hapa kifuani."

Akamweleza kwamba meli ingekuja kulichukua sanduku Jumanne ya wiki ya pili, siku kumi baadaye. Kabla ya hapo ingebaki Jumamosi moja, na Bwana Hamidi hakuwa na picha nyingine ya kuonyesha.

"Mwambie aionyeshe," Kokuhirwa akasema. "Watu nitawaleta mimi."

Hata mdogo wake hakumtambua jioni ile. Alisimulia akiwa amesimama, akasimulia anamwogesha mtoto, akamfanya mama mkwe wa Georgina acheke hadi akashika ubavu. Jumapili baada ya misa alikwenda kisimani Kashai akawasimulia wanawake waliokuja kuteka maji, ila alipofika kwenye mlango alinyamaza. "Hayo mengine kaoneni wenyewe," akawaambia, "halafu mje tugombane." Hakuwahi kuzungumza na watu wengi kiasi kile kwa siku moja, na kila aliyemsimulia alimwongezea hamu ya kumsimulia mwingine.

Lakini mtu aliyetaka aione kuliko wote alikuwa Kagoma, anageuza kahawa.

Datius hakuwa mume mbaya. Kibanja chao kilisifiwa, migomba imesimama imenyooka, kahawa imepogolewa kwa mkono wa mtu mwenye subira. Hakupiga, hakunywa kupita kiasi, na watoto walikwenda shule. Ila miaka kumi na minne ilikuwa imepita, na mazungumzo yao yalikuwa yamepungua kama maji ya kisima cha kiangazi. "Mvua imekuja." "Imekuja." "Ng'ombe amekunywa?" "Amekunywa." Kulikuwa na siku walizomaliza bila kuvuka maneno kumi, na wala hawakuwa wamekosana.

Jumatatu Kokuhirwa alipofika nyumbani alimkuta ameinama juu ya mikeka, anageuza kahawa kwa mkono. Kokuhirwa hakutua hata mzigo.

"Baba Clavery, Jumamosi twende Bukoba."

"Mtoto anaumwa?"

"Mtoto mzima. Twende ukaone picha."

Datius akainua kichwa. "Picha gani?"

"Ya mke na mume."

Akarudi kwenye kahawa yake. "Mke na mume wako hapa."

"Ndiyo maana nataka twende."

Datius aliinamia mkeka tena, lakini mkono wake haukugeuza kitu. Akamtazama mkewe aliyesimama na mzigo kichwani, macho yanamwaka, vumbi la njia limemjaa hadi magotini, na bado anatabasamu. Baadaye alikuja kukiri kwamba siku ile aliogopa. Alidhani huko mjini kuna kitu kimemwingia.

"Na kahawa? Ikinyeshewa?"

"Alistidia ataitazama." Huyu alikuwa jirani yao, mjane mwenye macho ya mwewe. "Nimeshamwambia nilipopita kwake."

"Umeshamwambia? Kabla hujaniambia mimi?"

"Nilijua ungeuliza kahawa."

Wiki ile Kokuhirwa hakumsimulia hata sehemu ndogo ya picha, ingawa ulimi ulimwasha. Alitaka aione ikiwa mbichi. Ijumaa walipanda basi la Muleba, Datius amevaa kanzu yake nyeupe na koti, amenyamaza njia nzima.

Jumamosi saa nane kasoro mlango wa ghala ulikuwa umefurika. Habari za mwanamke aliyemkatiza Uledi zilikuwa zimezunguka mji, na wanawake wa Kashai walikuja kwa makundi, wengine wamewakokota waume zao. Bwana Hamidi alisimama pembeni anajipepea kwa kofia, hajui acheke au ashangae. Uledi alipomwona Kokuhirwa akamwita.

"Mama, leo njoo usimame hapa. Wewe eleza, mimi nizungushe."

Kokuhirwa akatikisa kichwa. "Hapana. Leo tusiseme kitu, wewe wala mimi. Nyuso zao zinatosha."

"Nisiseme? Saa nzima na nusu?" Uledi akashika kifua. "Utaniua."

Hata hivyo alijaribu. Taa zilipozimwa alijibana mdomo kwa kiganja, na waliokaa karibu naye walimsikia anaguna kama mtu mwenye jino bovu. Mara moja tu alishindwa: mume alipojificha nyuma ya mapipa na paka akaruka, Uledi akafoka, "Ataonekana huyo!" Ghala likacheka, naye akaomba radhi.

Kokuhirwa hakuiangalia picha. Alimtazama Datius. Mwanga wa ukutani ulimpiga usoni ukaondoka, ukampiga tena, na kila ulipompiga alimkuta amesogea mbele zaidi. Sahani ilipokosekana alikunja uso. Mke alipoimba kisimani aliacha mdomo wazi. Kwa farasi kipofu alitoa sauti ndogo kooni, kisha akakohoa kuificha. Na ukuta ulipokuwa mweupe, wakati nusu ya ghala inapiga kelele "Aingie! Aingie!" na nusu nyingine "Asiingie!", Kokuhirwa alihisi benchi limekuwa jepesi upande mmoja. Datius alikuwa amesimama.

"Asingemruhusu!" akasema, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

Watu wakageuka. Mtu mmoja akamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu amemfuata kama mwizi! Siku nzima mtu anamchungulia mkewe nyuma ya mapipa. Si angemuuliza? Angesema, mama, nimekosa nini? Ana mdomo, anakula mikate yake, kwa nini hakuutumia?"

"Wewe bwana hujui mapenzi!" mwanamke mmoja akamrushia.

"Kofia ndiyo mapenzi? Kwenda kwa kinyozi ndiyo mapenzi? Neno moja lingetosha!"

Ghala likalipuka. Watu walibishana wakiwa wamesimama, wakabishana mlangoni, wakatoka nje kwenye jua wakiendelea, na Bwana Hamidi akaacha kujipepea. Kokuhirwa alimshika mumewe mkono wakashuka njia ya ziwani. Upepo ulikuwa unavuma, mawimbi yanapiga mawe, na Datius alikuwa bado anazungumza. Mke alikosea pia, alisema, maana sahani si neno. Mtu akiacha kuweka sahani anataka mwenzake apige ramli? Wote wawili walikuwa mabubu, na bubu wa kujitakia ni mbaya kuliko wa kuzaliwa. Mtu ana mdomo aseme!

Kokuhirwa akasimama. "Na wewe, Baba Clavery, mdomo unao?"

Datius akamgeukia. Wakatazamana. Kokuhirwa akadhani ameharibu kila kitu kwa neno moja.

"Ninao," Datius akasema polepole. "Nilidhani hupendi kuusikia."

"Nani alikuambia?"

"Wewe ulipoingia kwangu ulikuwa husemi. Mwezi mzima, ndiyo na hapana, basi. Nikasema moyoni, nimepata mke anayependa utulivu, nisije nikamchosha kwa maneno."

"Nilikuwa na miaka ishirini!" Kokuhirwa akapiga paja lake. "Nimeletwa nyumbani kwa watu nisiowajua, mama yako ananitazama kila ninapomenya ndizi! Ulitaka nihutubie?"

"Kumbe hukupenda utulivu?"

"Nilidhani unaupenda wewe!"

Datius alianza kucheka. Alikuwa na kicheko kizito ambacho kilianzia tumboni kikachelewa kufika mdomoni, na kilipofika kilimlazimu ashike jiwe. Kokuhirwa naye akashikwa. Walicheka pale kando ya ziwa mpaka wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu wakaacha kazi wakawatazama watu wazima wawili, mmoja kwa kanzu na koti, wanafutana machozi.

"Lakini angemruhusu," Kokuhirwa akasema alipopata pumzi.

"Asingemruhusu."

"Angemruhusu! Hukuona alivyomtazama?"

"Niliona. Alikuwa anaitazama kofia."

Walibishana mpaka Kashai. Walibishana juu ya sahani ya ndizi, hadi Georgina akasema mtoto hawezi kulala. Kesho yake baada ya misa walibishana ndani ya basi, na abiria wawili ambao hawakuiona picha wakachukua upande. Waliposhuka Muleba wakaanza kutembea kuelekea Kagoma, Datius akaeleza jambo jipya kabisa, kwamba yule mzee wa barua alijua kila kitu. Alivyolieleza lilikuwa na akili, na Kokuhirwa akatafuta jibu, na walipokumbuka kutazama walikuwa wamepita njia ya kwao, wameacha migomba yao nyuma karibu nusu maili.

Alistidia aliwapokea akiwa amesimama katikati ya kahawa, kavu kabisa. "Haya," akasema, "huko mjini kuna nini, maana mmewasikilizisha watu tangu bondeni?"

Wakamsimulia, wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimrekebisha mwenzake. Alistidia akasikiliza hadi mwisho akiwa amekunja mikono.

"Kama ni mimi," akasema, "ningemwambia aondoe kwanza ile kofia, tujue kama ni yeye."

Hivyo ndivyo picha ile ilivyoingia Kagoma bila mashine wala shuka. Sanduku lilipanda meli Jumanne, na hakuna aliyejua liliendelea wapi, lakini watu ambao hawakuwahi kukanyaga kwa Bwana Hamidi waligawanyika makundi mawili. Kwenye olubisi, pombe ya ndizi ya jioni, wanaume wengi walikuwa upande wa Kokuhirwa, kwamba mume lazima aingie, nyumba ni yake. Hapo ndipo Kokuhirwa alipokasirika zaidi, akawaambia hataki wamsaidie kwa sababu mbovu. "Akiingia kwa kuwa nyumba ni yake, basi hakubisha hodi, amepiga mlango tu!" Datius alikaa anamsikiliza mkewe akiwazidi watu kumi kwa maneno, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekuta miti miwili mahali alipopanda mmoja.

Haikuwa kwamba mambo yote yalinyooka. Datius alipogundua kwamba anaweza kusema, alisema sana, na zipo siku Kokuhirwa alimwomba anyamaze ili yeye ahesabu mayai. Waligombana pia kwa mambo ambayo zamani yangepita kimya: shamba la mama mkwe, shule ya binti, chumvi. Wakati mmoja Kokuhirwa alikaa siku mbili hamsemeshi mumewe, kisha akakumbuka maneno yake mwenyewe ya ziwani, akaona haya, akaenda akamwambia kilichomuudhi. Datius alishangaa, maana alikuwa hajui kama kuna kitu.

Bwana Hamidi naye hakumsahau. Kila masanduku yalipofika na picha ya mapenzi imo, alituma salamu kwa mtu wa basi: mwambieni mama wa Kagoma aje aionje. Kokuhirwa alikuja mara tatu au nne kwa mwaka, akikaa karibu na Uledi, na picha ilipokwisha Uledi alimuuliza kwa macho. Mara nyingi alitikisa kichwa. "Wazuri hao, ila hawana kazi. Watu wanaopendana wanakula nini?" Au: "Nilijua tangu mwanzo. Haikunidanganya hata mara moja, na mimi nataka nidanganywe kwa haki." Ikitokea moja iliyompendeza, hata yenye mwisho wa majonzi, alisimama kabla taa hazijawaka, na Kashai nzima walijua Jumamosi ijayo wasikose.

Miaka mitatu baadaye yeye na Datius walialikwa harusini Kimwani, kwa ndugu wa mbali. Walikuta mtu mmoja, mchuuzi wa samaki wakavu wasiyemjua, amezungukwa na watu, anasimulia. Kokuhirwa alisikia neno "mkate", akasikia "farasi kipofu", akamfinya mumewe. Wakasogea.

Mwoka mikate amekuwa mhunzi. Mji wa mawe umekuwa kisiwa. Mkokoteni umekuwa mtumbwi. Lakini mke aliweka sahani moja, na mume akamfuata, na jioni akarudi kubisha hodi kwake. "Mke akafungua," mchuuzi akasema, na watu wakaacha kutafuna. "Akamtazama. Hakumwambia ingia, wala hakumwambia ondoka. Akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake, akamwambia: haya, twende."

"Siyo hivyo!" Datius akaanza, na tayari alikuwa ameinua kidole. "Mimi nilikuwepo, nilikaa benchi la nne..."

Kokuhirwa alimziba mdomo kwa kiganja, mbele ya wakwe na wageni, macho yake yanamwaka, akajipenyeza hadi mbele kabisa ya mchuuzi.

"Wakaenda wapi?" akauliza.

Mchuuzi akakuna kichwa, akasema hajafika huko bado, wampe kwanza kitu cha kunywa. Kokuhirwa akamletea mwenyewe kibuyu, akavuta kigoda, akamwita Datius akae upande huu, na Datius, ambaye alikuwa na hoja nne za kumpinga yule mtu na hakukusudia kumsamehe hata moja, akakunja kanzu yake akakaa.